Biashara Asubuhi: Texas Rangers na Usajili wa Novemba 2021

Klabu ya besiboli ya Texas Rangers ilipomwachia Marcus Semien aende New York Mets mwezi Novemba 2025, ikampokea Brandon Nimmo badala yake, mkataba wa Semien ulikuwa bado na miaka 3 mbele yake. Kwa wale ambao tangu mwanzo waliuona usajili wa Semien na mwenzake Corey Seager kuwa ufujaji wa klabu iliyokosa subira, mabadilishano hayo ni ushahidi tosha: ukimpa mchezaji wa umri wa miaka 31 mkataba wa miaka 7, utafika katikati ukianza kutafuta pa kumpeleka. Hoja hiyo ina uzito wake na sikusudii kuikwepa. Naona, hata hivyo, kwamba inaupima usajili ule kwa mizani isiyo yake, na inasahau jinsi klabu hiyo ilivyokuwa siku mikataba ile ilipotiwa saini.

Msimu wa 2021 Rangers walipoteza michezo 102 kati ya 162 na kumaliza mkiani mwa kundi lao. Wakati huo wamiliki wa klabu na chama cha wachezaji walikuwa katika mvutano juu ya mkataba mpya wa ligi, na tarehe 2 Desemba wamiliki walisimamisha shughuli zote za usajili hadi Machi 2022. Katika siku chache za mwisho kabla ya kusimama huko, Rangers walimsajili Semien kwa dola milioni 175, Seager kwa miaka 10 na dola milioni 325, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) Jon Gray kwa miaka 4 na dola milioni 56, na Kole Calhoun kwa mwaka mmoja. Jumla yake ilizidi dola milioni 560, na timu yenyewe haikuwa na safu ya warushaji inayoeleweka.

Waliopinga walikuwa na mfano wa jirani. Houston Astros, wa jimbo hilohilo la Texas, walipoteza michezo zaidi ya 100 katika kila msimu kuanzia 2011 hadi 2013, wakavuna vijana, wakawalea, na mwaka 2017 wakatwaa ubingwa. Msomaji aliyezoea soka aelewe jambo moja hapa: Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani haina kushuka daraja, na wanaofanya vibaya huwa miongoni mwa wa kwanza kuchagua vijana wapya. Kufungwa kuna malipo yake, na ndiyo sababu "mvumilivu hula mbivu" imekuwa karibu sera rasmi ya klabu nyingi.

Mfano wa pili ulikuwa mchungu zaidi, kwa kuwa ulitoka ndani ya nyumba. Desemba 2000 Rangers walimsajili Alex Rodriguez kwa miaka 10 na dola milioni 252, mkataba ambao haukuwa na mfano wakati huo. Akafanya kila alichotakiwa kufanya: homurani (mapigo yanayoupeleka mpira nje ya uwanja) 52 msimu wa kwanza, 57 wa pili, 47 wa tatu pamoja na tuzo ya mchezaji bora. Katika misimu hiyo yote mitatu timu ilimaliza mkiani mwa kundi. Mapema 2004 akapelekwa New York Yankees huku Rangers wakiendelea kubeba sehemu ya mshahara wake, na klabu ilipoingia kwenye ufilisi mwaka 2010 jina lake lilikuwamo miongoni mwa wadai wakubwa. Mtu aliyeyashuhudia hayo hawezi kulaumiwa kwa kushtuka aliposikia, miaka 21 baadaye, kwamba klabu ileile inampa mchezaji wa nafasi ileile ya shotistopu, mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, dola milioni 325.

Hata hivyo, mfano wa Rodriguez unafundisha jambo tofauti na lile linalotajwa kila mara. Kosa la 2000 halikuwa kumlipa mchezaji bora mapema. Kosa lilikuwa kumlipa, kisha kumwacha acheze pamoja na warushaji dhaifu mwaka baada ya mwaka, bila uongozi wenye mpango wa kuijenga timu kumzunguka. Kwa hiyo usajili wa Novemba 2021 haufai kuhukumiwa peke yake. Lazima usomwe pamoja na watu walioajiriwa ofisini kabla na baada yake.

Nianze na soko, kwa sababu hapo ndipo hoja ya subira inapolegea. Seager alikuwa na miaka 27 alipokuwa mchezaji huru, na ni nadra mchezaji wa kiwango chake kufika sokoni akiwa na umri huo. Wapo watakaosema kwamba Rangers wangeweza kungoja mwaka mmoja, na ni kweli mwaka uliofuata shotistopu walikuwapo: Trea Turner alichukuliwa na Philadelphia kwa miaka 11 na dola milioni 300, na Xander Bogaerts akaenda San Diego kwa miaka 11 na dola milioni 280. Lakini Turner alikuwa na miaka 29 na Bogaerts 30. Aliyengoja hakupata bei nafuu wala mkataba mfupi. Alilipa karibu fedha zilezile kwa mtu ambaye miaka yake bora ilikuwa imeanza kupungua. Biashara asubuhi, na mwaka ule asubuhi ilikuwa Novemba, wakati klabu nyingi zilikuwa zikisubiri kuona mvutano wa ligi utaishaje.

Lipo pia suala la anayelipa gharama ya kungoja. Wakazi wa mji wa Arlington walipiga kura Novemba 2016 kukubali mji wao uchangie hadi dola milioni 500 katika ujenzi wa uwanja mpya wa Rangers. Uwanja ulipofunguliwa 2020, janga la korona lilizuia mashabiki msimu mzima wa kawaida, na msimu uliofuata wakaonyeshwa timu iliyofungwa mara 102. Mtu anayewataka watu hao wavumilie miaka mingine minne ya kufungwa kwa makusudi anagawa subira ambayo si yake. Inanigusa pia kwamba fainali kuu ya World Series ya 2020, ambayo ni mfululizo wa michezo, ilichezwa yote katika uwanja huohuo, kwa sababu ya janga, na mchezaji bora wa fainali alikuwa Seager mwenyewe, akiwa na jezi ya Los Angeles Dodgers. Wenyeji walimwona akitwaa taji nyumbani kwao kabla hawajamwona akiwachezea.

Sasa niseme juu ya Semien, kwa kuwa ndiye anayehukumiwa leo. Takwimu yake moja hainitoki akilini. Mwaka 2023, ukijumlisha msimu wa kawaida na mechi za mtoano, Semien alisimama mbele ya mrushaji ili apige mara 835, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine amewahi kuifikia katika mwaka mmoja. Alicheza michezo yote 162 ya msimu, kisha yote 17 ya mtoano. Mjadala wa usajili hupenda kuhesabu homurani na wastani wa mapigo, na kwa vipimo hivyo mechi zake za mtoano zilikuwa za kawaida hadi mwisho kabisa. Kuwapo kwake hakupimwi hivyo. Timu iliyokuwa imezoea kubadilisha kikosi kila wiki ilipata mtu ambaye kocha hakuhitaji kuuliza kama yupo, na hilo lilikuwa na thamani kubwa zaidi kwa sababu Seager, kwa umeme wake wote, aliumia na kucheza michezo 119 tu mwaka huo. Anayesema miaka 7 ilikuwa mirefu mno anasema kweli kuhusu mwaka wa 5 na wa 6. Aseme basi ni nani mwingine angezicheza zile mara 835.

Upande wa ofisi, Rangers walikuwa wamemwajiri Chris Young kuwa meneja mkuu Desemba 2020. Ni mrushaji wa zamani mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, mzaliwa wa Dallas, aliyeanza ligi kuu na Rangers wenyewe na kutwaa ubingwa 2015 akiwa na Kansas City Royals. Juu yake alikuwapo rais wa shughuli za besiboli, Jon Daniels, aliyekuwa ameiongoza klabu tangu 2005. Msimu wa kwanza wa Seager na Semien ulikuwa mbaya: ushindi 68, kufungwa 94. Agosti 2022 mmiliki akawaondoa kocha mkuu Chris Woodward na Daniels katika wiki moja, na Young akabaki na usukani peke yake. Wakosoaji waliona historia ya Rodriguez ikijirudia.

Haikujirudia, na sababu ilikuwa kazi iliyofanywa kuanzia Oktoba hadi Desemba ya mwaka huo. Young alimtoa Bruce Bochy kwenye ustaafu. Bochy, mshindi wa mataji matatu na San Francisco Giants, la kwanza likipatikana dhidi ya Rangers haohao mwaka 2010, alikuwa amewahi kumfundisha Young San Diego. Mike Maddux, aliyewafundisha warushaji wa Rangers walipofika fainali 2010 na 2011, akarudishwa kwenye benchi la ufundi. Dayton Moore, aliyeijenga Royals ya 2015, akaja kuwa mshauri. Kisha zikaja saini za warushaji: Jacob deGrom kwa miaka 5 na dola milioni 185, Andrew Heaney, na Nathan Eovaldi. Rodriguez hakuwahi kujengewa ukuta wa namna hiyo nyuma yake.

DeGrom ndiye hoja nzito ya wapinzani. Alianza michezo 6 tu mwaka 2023 kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kiwiko, na 2024 alianza 3. Hakuna namna ya kuyapamba hayo. Eovaldi, aliyegharimu dola milioni 34 kwa miaka 2, alishinda michezo 5 ya mtoano wa 2023 bila kupoteza hata mmoja.

Katika fainali ya 2023 dhidi ya Arizona Diamondbacks, mchezo wa kwanza, Rangers walikuwa nyuma 5 kwa 3 katika kipindi cha 9, ambacho ndicho cha mwisho, Seager alipopiga homurani iliyosawazisha. Mchezo wa 3, mrushaji Max Scherzer alipotoka kwa maumivu ya mgongo, Jon Gray aliingia na kurusha vipindi 3 bila kuruhusu alama, naye alikuwa mmoja wa wale wa Novemba 2021. Semien, aliyekuwa kimya mtoano mzima, akapiga homurani mchezo wa 4 na nyingine mchezo wa 5. Klabu iliyoanza mwaka 1961, iliyowahi kufika mpira mmoja tu kutoka ubingwa 2011 na kuukosa, ilipata taji lake la kwanza.

Baada ya hapo walishinda michezo 78 mwaka 2024 na 81 mwaka 2025, wakakosa mtoano mara zote mbili, na Bochy akaondoka. Hayo ni ya kuhesabiwa, na mkataba wa Seager unaendelea hadi 2031. Ninachokikataa ni kuitumia miaka hii miwili kuandika upya ile ya kwanza. Nafasi ya Bochy amepewa Skip Schumaker, ambaye klabu ilikuwa imemwajiri kuwa mshauri mwaka mmoja kabla, na Semien ametoka Novemba, mwezi uleule alioingia, akiwa bado na thamani ya kutosha kumleta mchezaji mwingine wa kiwango cha ligi kuu.