Magineti Haitoki kwa Hasira

Jamani, aliyebuni magineti ya pikipiki hakuwa na majirani. Angekuwa nao angeweka kufuli kwenye kifuniko. Maana ukishatandika gunia uani na kulaza spana tatu tu, wanaume wanne wameshafika, mikono mgongoni, na wote wana ushauri mmoja: "Igonge!"

Igongwe nini? Magineti ni bakuli la chuma linalozunguka na injini ili umeme utengenezwe, na ndani yake sumaku zimegandishwa ukutani kwa gundi. Nyundo inazipasua sumaku, inapinda ncha ya krenki, ile shafti kuu ya injini inayoibeba, halafu inaumiza beringi kule ndani ambako hakuna hata mmoja wa wale wanne anayeona. Itatoka, sikatai. Ikirudi itakuwa inayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi.

Na kabla ya kuifungua, mtu ajiulize anaifungulia nini. Betri haichaji? Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 koili, yaani zile nyaya zinazotoa umeme, imefungwa kwenye kifuniko chenyewe. Ukitoa kifuniko umeshaishika, magineti haina kosa lolote, iache ilale. Ila starta ikizunguka "wiiii" na injini imekaa kimya kama mdaiwa, hapo ni wanwei, ile klachi ya upande mmoja inayounganisha starta na injini, nayo iko nyuma ya magineti. Hiyo haikwepeki.

Basi, chomoa betri, funga bomba la mafuta, mwaga oili. Ni kama lita moja, lakini beseni la oili lisiwe lile la kufulia, hayo mengine mtamalizana ndani. Kabla ya kuchomoa pedeli ya gia, piga alama ya rangi ipitie pedeli na shafti yake. Usipopiga, utairudisha jino moja juu, na kila ukibadilisha gia utanyanyua mguu kama jogoo kwenye matope.

Bolti za kifuniko hazilingani urefu, na huu ni uchokozi mtupu wa kiwandani. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kifuniko, toboa matundu, kila bolti ichomeke mahali pake. Ukizichanganya, ndefu itaingia kwenye tundu fupi na kupasua aluminiamu. Kifuniko kitagoma kutoka kwa sababu sumaku inaivuta koili. Kivute kwa mikono miwili, sawasawa, na usichomeke bisibisi kwenye gasketi. Kikiachia, angalia vile vipete viwili vya kulengea. Kimoja hupenda kudondoka kwenye oili.

Sasa nati ya katikati. Ukiizungusha, injini nzima inazunguka nayo. Watu hapa huchomeka bisibisi kwenye matundu ya magineti, na ndiyo maana koili nyingi zina makovu. Kama mnyororo upo na klachi haitelezi, tia gia ya mwisho, na mmoja wa wale washauri akalie pikipiki akanyage breki ya nyuma kwa nguvu zote. Angalau apate kazi. Soketi iwe ya kona 6 na ikae bila kucheza.

Nati imetoka, magineti bado imeng'ang'ania. Wale wanne wanatazamana: "Si tulisema?" Hapana, hamkusema lolote. Ncha ya krenki ni koni, na magineti imekabwa kwenye koni hiyo kama kizibo cha chupa. Kinachoitoa ni pula, kifaa cha kuivuta kinachojifunga kwenye thredi za magineti yenyewe, basi. Na pula ya mtaani ina wamiliki kumi na moja, lakini haipo kwa hata mmoja. Ukienda kununua, nenda na vipimo: nyingi ni za milimita 24, 27 au 28, thredi zake zimesogeleana sana, milimita 1 tu kati ya moja na nyingine. Zipo pia zinazofunga kushoto. Pula isiyo yake itashika thredi mbili, itazichuna, na kuanzia hapo magineti inatolewa kwa machozi.

Izungushe pula kwa vidole mpaka ifike mwisho. Ndipo ukaze bolti yake ya katikati, ambayo ncha yake umeipaka grisi kidogo. Ikigoma, igonge kichwa cha bolti ya pula, mara moja, kavu, kisha kaza tena. Hiyo ndiyo nyundo pekee inayoruhusiwa leo. Itaachia kwa kishindo, "pa!", washauri wawili warudi nyuma. Usiichome kwa moto, joto kali linaua sumaku, na tanki la petroli liko hapo hapo juu.

Ukiichomoa iweke mahali safi. Nani alikuambia mchangani? Sumaku inaokota chenga zote za chuma, na ile washa ya bolti iliyopotea asubuhi. Ukiirudisha bila kuikagua, washa hiyo itakwenda kusaga koili. Pale krenki, tafuta kichuma cha umbo la nusu mwezi, kii. Kinagharimu kama andazi na kinaweza kukulaza njaa. Watu wanadhani ndicho kinachoibeba magineti. Wapi! Kinachobeba ni mkabo wa koni. Kii inalenga tu, ili moto wa plagi uje kwa wakati wake. Ikikatika kidogo, magineti inahama, na pikipiki inarudisha kiki mpaka inakuvunja mguu, au inalipua ekzosti wazee watoke nje na fimbo.

Kwa hiyo usipake oili wala grisi kwenye koni "ili siku nyingine itoke kirahisi". Itatoka, ndiyo, ikiwa barabarani. Futa koni ya krenki na tundu la magineti kwa thina mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kama umefungua wanwei, roli zake na springi zake utazitafuta chini ya mkeka wa jirani. Bolti zake zirudi na gundi ya kufungia thredi.

Kurudisha: geuza krenki kii iwe juu, imelala sawa ndani ya mfereji, kisha sukuma magineti kwa mkono. Chungulia nyuma: je, kii imesukumwa nje? Ikiwa imesukumwa, magineti itakaa upande na nati itakudanganya kwamba imekaza. Rudi mwanzo. Nati ikazwe kwa torki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo ni cha kitabu cha pikipiki yako, si cha misuli ya mtu aliyekula ugali.

Wakati wa kifuniko, ondoa vidole. Sumaku inakivuta ghafla, na haijali una pete ya ndoa. Gasketi mpya, bolti ndogo zikazwe kwa msalaba, pole pole. Rudisha oili. Kabla ya kuwasha, sukuma kiki kwa mkono mara tano huku umetega sikio. Ukisikia "kwa-kwa-kwa", kuna kitu kinagusa, fungua tena, na usimwangalie mtu usoni.

Ikiwaka, futa pula na uirudishe leo leo, kabla wale wanne hawajaichukua kufungulia mtungi wa gesi.