Mwangwi wa Adalaj

Daktari alipomwambia shangazi asubiri majibu ya vipimo mpaka Jumatatu, nikaona hakuna haja ya kukaa hotelini Ahmedabad, India, tukitazama feni. Tukapanda bajaji (huko ndiko kwao hasa) hadi Adalaj, kilomita kama 18 kutoka mjini, kuona kisima cha ngazi cha mwaka 1499.

Ni jengo la ghorofa tano, ila limeelekea chini. Ngazi zinaingia kwa pande tatu, zinakutana kwenye ukumbi wa kwanza, kisha unateremka katikati ya nguzo za mawe zilizonakshiwa hadi kwenye maji. Wenyeji wanasimulia kwamba mume wa malkia Rudabai aliuawa vitani, na Sultani Mahmud Begada aliyeshinda akamtaka mjane. Malkia akakubali, kwa sharti kwamba kwanza kisima kimaliziwe. Kilipokwisha, akajitosa humo humo.

"Alikuwa na akili mpaka hapo mwisho," shangazi akasema, akatafuta kivuli huko juu akakaa na mkoba wake. Magoti yake na ngazi hayapatani.

Mimi nikashuka. Mawe nayaheshimu, lakini safarini mimi huja kutazama watu, na siku ile walikuwa tele. Mlinzi anawapulizia filimbi vijana waliopanda pasipopandwa. Bibi mmoja anapapasa kila tembo wa jiwe, hamruki hata mmoja. Pale kwenye nguzo, wachumba wanapigwa picha za kabla ya harusi: binti amevaa nguo nyekundu ya kumetameta, mpiga picha amelala chali sakafuni, bwana harusi ameambiwa atazame juu kwa mahaba, naye macho yote yako kwa popo.

Ili niwaone vizuri, nikainua mguu nikalie ukingo wa jiwe. Suruali yangu ilishonwa na fundi anayeamini kitambaa ni cha kubaniwa. Nikasikia chaaa! Mshono wa nyuma ukaachia wote, kuanzia mkandani, na upepo wa ghorofa ya tatu ukaingia bila hodi.

Nikagandisha mgongo ukutani. Hapo hapo wakatokea wanafunzi, sare safi, nywele zimepakwa mafuta. "Selfi, selfi!" Kumbe na wao walikuja kutazama watu. Wakapanga foleni. Kila mmoja ananivuta pembeni kwenye mwanga, nami natabasamu huku nikitembea ubavu kama kaa, mgongo hauachi ukuta. Mwalimu wao akadhani nasujudia zile nakshi. Akaniunga mkono kwa kichwa.

Foleni ilipopungua nikaona nimwite shangazi. Simu haina mtandao huko chini, lakini kwani nani Gujarat nzima anajua Kiswahili? Nikajaza mapafu.

"Shangaziii! Nitupie kanga! Suruali imechanika matakoni!"

Kisima kikalipokea. Takoni… koni… oni… Popo wakaruka. Bwana harusi akapoteza mahaba yote.

Kutoka ngazi za juu yangu, sauti ya mzee ikauliza taratibu: "Imechanika sana, mwanangu, au kidogo?"

Nilitamani kumfuata Rudabai. Akashuka mzee wa Kigujarati, kofia nyeupe, fimbo, na wajukuu wanne nyuma yake. "Shikamoo," nikasema nikiwa bado nimebandika ukutani.

"Marahaba. Mimi mzaliwa wa Tanga. Barabara ya kumi na tatu."

Kanga ikateremka mkono kwa mkono, kutoka kwa mlinzi hadi kwa mwalimu hadi kwa bibi wa tembo. Nilipogeuka kujifunga, mzee akachungulia ile boksa ya kijani na njano.

"Kumbe Yanga," akasikitika. "Sisi ni Coastal Union."

Nikafunga fundo nikaanza kupanda. Sasa jina la kanga likawa limekaa sawasawa pale palipochanika, na mzee yuko nyuma yangu hana miwani, anasoma silabi moja moja kwa sauti: "Ha-si-di… ha-na… sa-ba-bu." Kila akisoma, kisima kinarudia.

Huko juu, shangazi kusikia Tanga tu, majibu ya vipimo akayasahau. Wakaulizana mitaa, bei za samaki, nani alimuoa nani. Kisha akamhadithia mkasa wangu upya, tangu kwa fundi, akiongeza chumvi. Mzee naye akawa anawatafsiria wajukuu kwa Kigujarati, na wajukuu, watoto wenye adabu kweli kweli, wakaniomba nigeuke waone.