Shusheni gari chini kwanza, ndipo mkaze

Bushi za mikono ya mbele ya Land Rover yangu zimekufa tena. Miezi mitatu tu! Nilizibadilisha pamoja na springi zote nne kabla ya msimu wa korosho, na sasa kila nikikanyaga breki usukani unavuta kushoto na uvunguni kunagonga. Nikarudi gereji ileile hapa Masasi. Fundi akainama, akachungulia, akasema lile neno tulilozoea: "Feki hizi, kaka. Tafuta orijino."

Siku ile sikubishana naye. Nabishana leo.

Bushi hizi ni mpira ulioshikana na mabomba mawili ya chuma. La nje linashindiliwa kwenye mkono unaoishika ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, la ndani linabanwa na bolti. Ekseli ikipanda na kushuka, bomba la ndani halizunguki. Unaojinyonga ni mpira, kidogo huku, kidogo kule, kisha unarudi ulipokuwa. Sasa ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, ekseli inaning'inia, umeufunga mpira katika mkao wa kuning'inia. Gari likishuka, mpira umeshanyongeka kabla hujawasha injini. Unalala hivyo, unaamka hivyo. Halafu upakie magunia ya korosho uelekee Liwale, kwenye matuta yale yanayotetemesha mpaka meno! Hata mpira uwe orijino, utachanika.

Na dawa yake haina bei. Pachika bolti zote, nati zishike tu. Teremsha gari lisimame kwa matairi yake, panda bampa ulitikise mpaka springi zikae, kisha ingia uvunguni ukaze. Basi.

Mzee aliyekuwa akilitengeneza gari hili kule Nachingwea, enzi za marehemu baba, hakuwahi kuruka hatua hiyo. Ni Land Rover 110 ya 1989, kabla hazijaanza kuitwa Defender. Sisi watoto ndio tulioitwa kupanda bampa na kurukaruka, naye akisubiri pembeni na spana mkononi. Tulidhani anatuchezesha. Nimekuja kumwelewa nina miaka 40, bushi iliyochanika iko kiganjani, na mwenyewe hayupo tena nimshukuru.

Feki zipo, sikatai. Na gereji zetu nyingi ni mchanga mtupu chini ya mwembe, kuingia chini ya gari lililoshushwa ni kazi ya kulalia tumbo na mgongo. Lakini mbao nene nne za kupandishia matairi zinapatikana Masasi. Kinachokosekana ni subira ya nusu saa, na nusu saa hiyo mimi mwenye gari niko tayari kuilipia.

Springi nazo zibadilishwe kwa jozi, na za mbele tazama alama za rangi kwenye koili, maana ya upande wa dereva mara nyingi si sawa na ya abiria. Na tafadhali, ekseli isiachwe ining'inie kwa mpira wa mafuta ya breki. Hilo linaua watu.

Jumamosi napeleka bushi nyingine. Nimeshamwambia fundi kwamba sitaondoka mpaka matairi yaguse chini, naye amekubali kwa shingo upande. Naenda na mwanangu. Ana miaka minane, nimemwambia avae viatu vya kurukia.