Mavi ya Mbwa Wako ni Yako

Nina mbwa jike wa miaka saba, mwenye adabu kuliko watu wengi ninaowafahamu. Hagusi chakula mpaka aruhusiwe, na akitaka kutoka huketi mbele ya mlango akaukodolea macho mpaka mtu aone haya na kuufungua. Ila adabu yake ina mwisho. Akishajisaidia kwenye nyasi hukwangua ardhi kwa miguu ya nyuma mara tatu nne, akatimua vumbi, kisha akaondoka kifua mbele kama aliyemaliza kazi ya maana.

Hajafukia kitu. Kule kukwangua si kufukia. Nyayo za mbwa zina tezi za harufu, naye anaiacha ardhini ili atakayepita ajue nani alikuwa hapo. Kwake yeye ile ni barua, na barua haifichwi. Kwa hiyo wa kuona haya katika jambo hili ni mmoja tu, mimi niliyeshika kamba.

Naandika "mavi" kwa makusudi. Wapo watakaopenda niseme kinyesi, na wengine wataona heri niseme uchafu tu, tupite. Lakini sijawahi kumsikia mtu aliyekanyaga, huku akiburuza soli ya kiatu kwenye ukingo wa njia, akisema amekanyaga kinyesi. Kuna wakati neno la heshima linamsaidia mkosaji.

Mkosaji mwenyewe mnamjua. Mbwa wake anapoanza kuzunguka-zunguka na kupinda mgongo, yeye anatoa simu. Anasoma kitu muhimu sana. Mbwa akimaliza, naye amemaliza kusoma, wanaondoka pamoja. Ukimwita atakuambia hakuona, na kwa kweli hakuona, maana alijitahidi asione. Dakika moja kabla yake alikuwa anaona kila kitu: kuku, baiskeli, mbwa wa jirani aliye upande wa pili.

Ukimbana zaidi anakuletea hoja. Mvua itaosha. Wafagiaji wapo, wanalipwa. Mbwa wangu mdogo, vyake ni vidogo. Hizi sina haja ya kuzijibu. Ila ipo moja inayotolewa hata na watu wenye akili zao, nayo ni kwamba mavi ni mbolea.

Samadi ya ng'ombe imetoka kwa mnyama anayekula majani, nayo haitupwi mbichi kwenye njia ya watu. Huachwa ioze, ndipo ipelekwe shambani. Mbwa hula nyama, na tumboni mwake anaweza kubeba minyoo inayomfuata binadamu. Mfano ni mnyoo wa mviringo ambao wataalamu wanauita Toxocara canis. Jike mmoja ndani ya utumbo wa mbwa hutaga mayai kwa maelfu kila siku, nayo hutoka na mavi. Watoto wa mbwa huzaliwa nao mara nyingi, kwa kuwa huwaingia wakiwa bado tumboni mwa mama yao, na ndiyo maana daktari wa mifugo huanza kuwapa dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili tu. Kwa hiyo kile kitoto kizuri ulichokichukua jana, kinachonuka maziwa, ndicho cha kushukiwa kwanza.

Hapa ndipo methali yetu inapokwama. Tunasema mavi ya kale hayanuki, tukimaanisha mambo yaliyopita yaachwe yapite. Lakini mayai ya mnyoo huyu yakitoka tu hayamdhuru mtu. Yanahitaji kukaa kwenye udongo wiki mbili tatu ndipo yaweze kuambukiza. Kufikia hapo rundo lenyewe limeshakauka, limesambaratika, halinuki wala halionekani, na mvua ile ya "itaosha" imeyasambaza mayai eneo zima. Yana ganda gumu, yanaweza kudumu udongoni kwa miaka. Mtoto anakuja kucheza na mchanga, anapeleka mkono mdomoni kama watoto wanavyofanya, mayai yanaanguliwa, na viluwiluwi vya minyoo vinaanza safari mwilini: ini, mapafu, na mara chache jicho, ambako vinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Rundo bichi linakuchukiza tu. La zamani ndilo la kuogopa.

Ipo pia minyoo ya safura ya mbwa, ambayo haisubiri kuingia mdomoni. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku na kuacha michirizi inayowasha kama moto. Na kabla hujasema hayo ni ya watoto wa wengine, fikiria mbwa mwenyewe. Virusi vya parvo, vilivyotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, hutoka kwa wingi kwenye mavi ya mbwa mgonjwa na huweza kukaa ardhini miezi mingi vikingoja mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo. Mfugaji asiyeokota anawaua mbwa wa wafugaji wenzake.

Wenye paka najua mnacheka. Paka anafukia, kweli, ila mara nyingi anafukia kwenye bustani ya maua ya mtu mwingine. Na anayejisaidia ndani, kwenye boksi la mchanga, asafishiwe kila siku, si Jumamosi hadi Jumamosi. Vimelea vya toksoplasma anavyoweza kuvitoa huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Ukiutupa uchafu mapema unakuwa umewahi. Mjamzito kazi hiyo ampe mwingine.

Miji imehangaika na jambo hili kwa njia za ajabu. Paris, miaka ya 1980, Jacques Chirac akiwa meya, walitumia pikipiki zenye mashine za kunyonya mavi barabarani, na dereva akawa anazunguka nyuma ya mbwa wa watu. Ziliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji ulipozichoka gharama na kutegemea faini. Sishangai. Ukimfundisha mtu kwamba pikipiki itakuja, kwa nini ainame? New York ilifanya kinyume chake: sheria iliyoanza kutumika Agosti 1978 ilimtaka kila mwenye mbwa aokote mwenyewe, la sivyo faini. Watu walicheka, wakasema haitekelezeki, nani atamvizia mbwa. Lakini sheria ile ilimpa kila mpita njia haki ya kusema, "Wewe, umesahau kitu." Nadhani hilo ndilo lililofanya kazi kuliko faini yenyewe.

Ninaoupenda zaidi ni mji mdogo wa Brunete, karibu na Madrid. Mwaka 2013 watu wa kujitolea walikaa wakiangalia, na mwenye mbwa akiacha mzigo na kuondoka, mmoja anamfuata, anamsifia mnyama, anauliza wa aina gani, anaitwa nani. Jina na aina vikatosha kumtafuta kwenye rejista ya mbwa ya mji. Siku hiyo hiyo aliletewa nyumbani boksi lililofungwa vizuri lenye nembo ya halmashauri, limeandikwa kuwa ni mali iliyopotea. Ndani, mali yake.

Kuna Béziers, Ufaransa, nao mwaka 2023 walianza kutaka vinasaba vya mbwa ili mavi yapimwe mwenyewe apatikane. Hilo mimi naliona limepita kiasi. Ukifika mahali pa kupeleka mavi maabara, ujirani umeshakufa zamani.

Niseme na langu. Usiku mmoja mvua inanyesha, mifuko ya kuokotea imeniishia, na mbwa wangu akachagua kufanya hivyo nje kabisa ya lango la bibi mmoja jirani. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Niliondoka. Nilijiambia nitarudi asubuhi na mapema, na kweli nilirudi, lakini bibi alikuwa ameniwahi. Alikuwa ameinama, kijiti mkononi, anachokoa tairi la kigari cha mjukuu wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa uchangamfu, akaniambia, "Mwanangu, kuna watu hawana utu." Nikasema ndiyo, bibi, kuna watu. Mbwa wangu alikuwa anampungia mkia.

Sijamwambia mpaka leo. Ila tangu siku ile kila koti langu lina mifuko hiyo, na sanduku la gari, na mkoba wa kazini, ambako imewahi kumwagika mbele ya watu nisiotaka kuwaeleza.

Kuokota kwenyewe ni kazi ya sekunde kumi. Unauvaa mfuko mkononi kama glavu, unashika, unaugeuza nje ndani, unafunga fundo. Joto lile linashtua mara ya kwanza, halafu unazoea. Mbwa akiharisha, okota kinachookoteka na kilichobaki mwagia maji. Akikojolea ukuta au tairi la mtu, maji vilevile. Na tafadhali, wewe unayeokota, unafunga vizuri, kisha unatundika kwenye tawi la mti: sijakuelewa. Mavi yangeoza mwishowe. Sasa umeyahifadhi.

Mengine ya ujirani ni mepesi kuyasema. Kamba, kwanza. Usimpigie mtu kelele kutoka mbali kwamba "hang'ati huyo" huku mbwa anamrukia; yeye hajui, na huenda aliwahi kuambiwa hivyo hivyo na mwingine kabla ya kung'atwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa si ya kuahirisha, kwa sababu karibu kila mtu anayepata ugonjwa huo ameupata kwa mbwa, na dalili zikianza hakuna tiba. Kubweka usiku, mtafutie mbwa sababu yake badala ya kumzoesha jirani.

Na ninyi mnaoona bango jipya la mbwa hawaruhusiwi kwenye bustani mliyoizoea, msimlaumu aliyelibandika. Alivumilia muda mrefu. Ninayemlaumu mimi ni yule wa simu.

Juzi nilimkuta mmoja, amesimama, kichwa chini, kidole kinapandisha na kushusha kioo, mbwa wake anakwangua nyasi. Nikamsogelea na mfuko. "Kaka, naona umeishiwa. Chukua huu." Akasema hakuona. Nikamwonyesha kwa mkono, huko. Akaushika mfuko kama hati ya mahakama, akainama, akaokota.

Rundo aliloliokota lilikuwa la mbwa mwingine, kavu la jana. La wake lilikuwa hatua mbili kushoto, bado linafuka moshi. Nikatoa mfuko wa pili.