Bima ya mkopo Uingereza: fidia kwa walioomba, kimya kwa wengine

Shangazi yangu huweka karatasi zake zote ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda, katika nyumba aliyopanga mjini Leicester. Mwaka 2015 tulizimwaga mezani tukitafuta barua ya pensheni, tukakutana na mkataba wa mkopo wa 2004. Alikuwa amekopa pauni 5,000 ili amalizie kuezeka nyumba yake Tanga. Chini ya tarakimu hiyo palikuwa na mstari mwingine: pauni 1,100 na ushei, ulinzi wa malipo. Nikamuuliza, shangazi, hii nini? Akasema, "Si makato ya benki hayo? Yule dada wa kaunta alinionyesha pa kusaini, nikasaini."

Hayakuwa makato ya benki. Ilikuwa bima, ile ambayo Uingereza nzima inaijua kwa herufi tatu, PPI. Ukiugua, ukipata ajali au ukipoteza kazi, bima inakulipia marejesho ya mkopo kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja. Shangazi alikuwa akihudumia wazee kupitia wakala wa ajira, wiki hii ana zamu tano, wiki ijayo hana hata moja. Masharti ya bima yake, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, yalisema asiye na ajira ya kudumu halipwi kwa kukosa kazi. Yaani aliuziwa kinga ambayo tangu siku ya kwanza ilikuwa imeshamkataa. Na hizo pauni 1,100 hakuzitoa mfukoni. Zilijumlishwa kwenye mkopo, zikatozwa riba pamoja nao kwa miaka mitano.

Hakuwa peke yake. Mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza ilikadiria kwamba mikataba ya PPI iliyouzwa ilifika milioni 64, mingi kati ya mwaka 1990 na 2010, kwenye mikopo ya kawaida, kadi za mkopo, mikopo ya nyumba, hata kadi za madukani. Waliojiajiri waliuziwa. Wastaafu waliuziwa bima ya kupoteza kazi. Wenye maradhi ya zamani waliuziwa bima isiyogusa maradhi ya zamani. Wengine waliambiwa kwamba bila bima mkopo hautapita, na wengine hawakuambiwa kitu, waliikuta tu imeshawekwa kwenye hesabu.

Tangu wakati huo, kila mada hii inapozuka kwenye mikusanyiko yetu huku, watu hugawanyika. Wapo wanaoona fidia ambayo benki zilikuja kuwalipa waliouziwa hivyo ilikuwa haki tupu, na wapo wanaosema iligeuka mnada, kila mtu akidai, hata asiyekuwa na mkopo. Mimi niko upande wa waliodai, ila sikubali kwamba upande wa pili hauna hoja.

Nianze na hoja ya kwanza ya benki, ambayo si nyepesi. Shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi serikalini mwaka 2005, na Tume ya Ushindani ikachunguza, lakini moto wenyewe uliwaka Agosti 2010, pale mamlaka ya wakati huo, FSA, ilipotoa mwongozo wa namna benki zinavyopaswa kushughulikia malalamiko, yakiwemo ya mauzo ya miaka ya nyuma. Chama cha benki kikakimbilia Mahakama Kuu. Kilidai kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa kanuni ambazo hazikuwepo siku alipouza. Si dai la kuchezea hilo. Hata mimi nisingependa kupimwa leo kwa sheria itakayotungwa kesho.

Jaji alilikataa Aprili 2011. Alisema misingi ya jumla ya kumtendea mteja haki ilikuwepo pamoja na kanuni za kina, na benki haikuwa na ruhusa ya kuikiuka misingi hiyo eti kwa kuwa imefuata kanuni. Naona alikuwa sahihi. Hakuna sheria mpya inayohitajika ili ujue kwamba kumuuzia mstaafu bima ya kupoteza kazi ni kumdhulumu. Mwezi uliofuata, benki ya Lloyds ikavunja safu na kutenga pauni bilioni 3.2 kwa ajili ya fidia, na chama cha benki kikaacha kukata rufaa. Bilioni hizo zilikuwa mwanzo tu. Benki zote kwa pamoja zilikuja kulipa zaidi ya pauni bilioni 38.

Kwa nini bima hii iliuzwa kwa nguvu hivyo? Jibu limeandikwa wazi katika kesi moja. Mwaka 2006 mjane mmoja, Bi Susan Plevin, alikopa pauni 34,000 kutoka kampuni ya Paragon kupitia dalali. Juu yake ikawekwa bima ya pauni 5,780. Katika fedha hizo dalali alichukua 1,870. Paragon yenyewe ikachukua 2,280. Kampuni ya bima, ile ambayo ndiyo ingemlipa huyo mama kama angeugua, ilifikiwa na pauni 1,630. Asilimia 71.8 ilikuwa kamisheni, na hakuna aliyemwambia ilikuwa kiasi gani. Tena mkopo ulikuwa wa miaka kumi, bima ya miaka mitano.

Novemba 2014 Mahakama ya Juu ikasema kuficha kamisheni ya ukubwa huo kuliufanya uhusiano wa mkopeshaji na mkopaji usiwe wa haki. Hapo mlango wa pili ukafunguka: hata aliyeuziwa bima inayomfaa angeweza kudai, ikiwa kamisheni ilifichwa na ilizidi nusu ya bei.

Watetezi wa benki husema hapa ndipo haki ilipopitiliza. Ukinunua kiatu, muuzaji hakwambii faida yake. Lakini muuzaji wa kiatu hajifanyi mshauri wako, wala haongezi bei ya kiatu kwenye deni lako na kukutoza riba yake. Shangazi alimwamini yule dada wa kaunta kama anavyomwamini nesi.

Hoja ya pili ya benki naipa uzito zaidi, kwa sababu nimeiona kwa macho. Madai yalizaa biashara. Kampuni za kudai fidia zilipiga simu mchana na usiku, zikatuma ujumbe kwa watu ambao hawajawahi kukopa hata pauni moja, zikapeleka malalamiko kwa malundo bila kuangalia karatasi. Nyingi zilichukua robo ya fidia au zaidi, mpaka sheria ilipoweka ukomo wa asilimia 20 kabla ya kodi, Julai 2018. Jirani ya shangazi, naye mtu wa kwetu, alikatwa karibu theluthi kwa kazi ambayo sisi tuliimaliza jioni moja: barua kwa benki, nambari ya mkopo, maelezo ya alivyouziwa. Benki ina wiki nane kujibu. Ikikataa, una miezi sita kwenda kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha, ambaye hatozi mteja hata senti.

Shangazi alikataliwa kwanza. Barua ya benki ilisema alipewa maelezo yote na akaridhia. Msuluhishi alipoomba rekodi za mauzo na kuona alikuwa mfanyakazi wa wakala, akampa haki yake: bima yote, riba iliyolipiwa bima hiyo, na asilimia nane kwa mwaka kwa muda aliokosa fedha zake. Zaidi ya pauni 2,000. Hebu fikiri kama angeishia kwenye ile barua ya kwanza. Wangapi waliishia hapo? Ndiyo maana lawama ya kampuni zile siipeleki kwao peke yao. Zilipata soko kwa kuwa benki zilikataa madai ya kweli, na mtu aliyechoka kuandika barua alimkabidhi kazi yeyote aliyepiga simu.

Hoja ya tatu ni ya fedha za umma. Benki mbili kati ya zilizolipa sana, Lloyds na RBS, zilikuwa na hisa za serikali tangu zilipookolewa mwaka 2008. Kwa hiyo sehemu ya fidia ilitoka kwa mlipa kodi yule yule. Ni kweli, na inauma. Lakini kuacha fedha za dhuluma ndani ya benki kwa kuwa serikali sasa ni mbia, hiyo ingekuwa dhuluma mara mbili.

Linalonikera mimi liko kwingine kabisa. Mamlaka mpya, FCA, iliweka siku ya mwisho ya kudai: tarehe 29 Agosti 2019. Ikaendesha kampeni ya matangazo iliyolipiwa na benki, yenye kichwa cha bandia cha Arnold Schwarzenegger kikiwahimiza watu waamue. Benki zilitaka ukomo ili zifunge hesabu, na naelewa: shirika haliwezi kuishi milele bila kujua linadaiwa kiasi gani. Kumbukumbu za watu hufifia, karatasi hutupwa.

Ila jiulize nani alikuwa na hizo karatasi. Aliyeuza alijua jina la mteja, anwani, tarehe, kiasi cha bima na kamisheni yake. Mteja, kama shangazi, hakujua hata kama ana bima. Baadhi ya benki ziliwaandikia baadhi ya wateja, lakini kwa sehemu kubwa mzigo wa kuuliza ulibaki kwa asiyejua. Tangazo la televisheni la Kiingereza, lenye utani wa filamu za Marekani, lingemfikiaje mama wa Kikongo au Mrundi anayetoka zamu ya usiku? Najua familia mbili za waswahili zilizopata habari baada ya Agosti ile. Mikataba yao inafanana na wa shangazi neno kwa neno.

Mlango haukufungwa wote. Novemba 2023, katika kesi ya Bi Potter dhidi ya Canada Square, Mahakama ya Juu ilisema mkopeshaji aliyeficha kamisheni kwa makusudi, ambayo kwa Bi Potter ilikuwa zaidi ya asilimia 95 ya bei ya bima, hawezi kujificha nyuma ya ukomo wa miaka sita. Lakini mahakama si barua ya bure. Ina gharama, ina mawakili, na kwa dai la pauni 900 wengi huona bora walale.

Baada ya hapo ikaja mikopo ya magari, kamisheni zilizofichwa tena. Agosti 2025 Mahakama ya Juu iliyatupa madai mengi, ikaacha moja lisimame kwa msingi ule ule wa kesi ya Bi Plevin. Oktoba FCA ikapendekeza mpango ambao wakopeshaji wenyewe wangewaandikia wateja wanaohusika. Hicho ndicho kilichopaswa kufanyika kwa PPI tangu mwaka 2011.

Sisemi bima ya mkopo ni ovu. Nyumbani mikopo mingi ya wafanyakazi hukatwa bima, na nimeona familia ikisamehewa deni baba alipofariki, ikabaki na kiwanja chake. Wapo Waingereza pia waliolipiwa marejesho na PPI walipougua. Ila anayekopa, awe Dar au Leicester, ana haki ya kuonyeshwa mstari wa bima na kuambiwa bei yake, anayelipwa, asiyelipwa, na kama anaweza kuikataa.

Shangazi alipopata hundi, alinunua mabati ya banda la uani Tanga. Ule mkataba wa 2004 aliurudisha kwenye kopo la biskuti. Sasa watu humletea yao awasomee, na mingi hulazimika kuirudisha kwa wenyewe kwa kuwa tarehe imepita.