HBeAg hasi haimaanishi ini liko salama
Kuna makala inasema eti HBeAg (protini ya kirusi cha homa ya ini B inayopimwa kwenye damu) ikiwa hasi, yaani isipoonekana, basi kirusi kimelala na ini halina shida. Hapo mwandishi wake kateleza. Kirusi cha homa ya ini B hunakili jeni zake kwa kimeng'enya kisichosahihisha makosa, ndiyo maana hubadilika kila mara. Herufi moja tu ya jeni hizo, ile ya nafasi ya 1896, ikigeuka kutoka G kuwa A, HBeAg haitengenezwi tena, ila kirusi kinaendelea kuzaliana kama kawaida. Kaka yangu alitulizwa kwa karatasi ya majibu yenye HBeAg hasi. Walipokuja kupima wingi wa virusi na ALT (kimeng'enya kinachopanda damuni ini likiumia), vyote vilikuwa juu. Na yale mabadiliko ya herufi za nafasi ya 1762 na 1764, yanayohusishwa na saratani ya ini, mbona hayakutajwa? Nani mwingine hapa aliishia kipimo kimoja?