Mirihi Inahitaji Macho ya Tanga

Wako watu Ulaya wanaokata tiketi ya ndege kufuata anga ambalo sisi wa Tanga tunalo uani. Mwingereza Damian Peach, mmoja wa wapiga picha za sayari wanaoheshimika sana duniani, amefunga safari zaidi ya mara moja kwenda kisiwa cha Barbados kwa kazi hiyo. Anachokifuata ni nchi ya joto iliyozungukwa na bahari, ambako sayari hupita juu kabisa. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta na imeikabili Bahari ya Hindi. Ndiyo maana roho inaniuma nikipitia picha za sayari ya Mirihi (Mars) zinazopigwa na wapenzi wa anga wa kila pembe ya dunia, maana ni nadra sana kukuta iliyotoka upwa wetu.

Urefu wa sayari angani si jambo dogo. Julai 2018 Mirihi iliikaribia Dunia hadi kilomita milioni 57.6. Mtu wa London aliiona ikiwa nyuzi 13 hivi juu ya upeo, ikitetemeka nyuma ya mapaa. Hapa Tanga ilipanda nyuzi 70. Sayari ikiwa juu, mwanga wake hupenya hewa kidogo, na hewa ndiyo adui mkubwa wa picha.

Wengi hudhani picha ya Mirihi hupatikana kwa kubofya mara moja. Sivyo. Darubini yangu ya kioo cha inchi 8 naiweka uani, naifunga kamera ndogo, kisha narekodi video ya dakika chache. Kwenye kompyuta kinachoonekana ni kiduara cha rangi ya chungwa kinachochezacheza kama sarafu chini ya maji. Ghafla hewa inatulia, kufumba na kufumbua, na hapo unaona kofia nyeupe ya barafu kwenye ncha na doa jeusi katikati. Kisha hewa inavurugika tena. Zile nukta za utulivu ndizo tunazozitafuta. Programu ya AutoStakkert, isiyouzwa, huchambua maelfu ya fremu, yaani picha moja moja za video, hubakiza zilizotulia na kuzirundika ziwe picha moja. Ukiinoa kidogo, Syrtis Major inajitokeza na umbo lake la pembetatu, doa lilelile alilolichora Mholanzi Christiaan Huygens, mtaalamu wa anga, mwaka 1659. Kila likijitokeza nashangaa upya, wala sidhani nitazoea.

Doa hilo ni mawe meusi ya volkano, na kingo zake hazitulii. Upepo wa Mirihi huhamisha vumbi jepesi, ukifunika hapa na kufunua pale, hivyo ramani ya miaka 20 iliyopita hailingani sawasawa na picha ya leo. Solis Lacus, doa jingine linaloitwa jicho la Mirihi, limebadilika umbo mara nyingi tangu watu walipoanza kulichora. Bonde la Hellas wakati wa baridi huwa jeupe kwa theluji hadi mgeni akalidhania ncha. Na mwaka 2018 dhoruba ya vumbi iliifunika sayari nzima, ikakinyima jua chombo cha Opportunity kilichokuwa kikitembea huko, ambacho hakikusikika tena.

Nikisema haya huulizwa: NASA, shirika la anga la Marekani, si ipo? Ipo, na kazi yake naiheshimu. Lakini Machi 2012 ni Wayne Jaeschke, mpenzi wa anga wa Marekani, aliyeona kwenye picha zake wingu limechomoza ukingoni mwa Mirihi. Wingu hilo lilifika zaidi ya kilomita 200 juu. Utafiti kuhusu wingu hilo ulipotoka katika jarida la Nature mwaka 2015, ulisimama juu ya picha za wapenzi kama yeye.

Sasa hoja yangu hasa. Mirihi hujizungusha kwa saa 24 na dakika 37. Ukiitazama kila usiku saa ileile, unaonyeshwa karibu uso uleule, na itakuchukua zaidi ya mwezi kuiona yote. Dhoruba ikianzia upande mwingine, wewe huna habari. Kwa hiyo lazima wawepo watazamaji Japani, wawepo Amerika, na wawepo huku. Usiku wa Ulaya unakaribiana na wetu, lakini Februari anga lao mara nyingi ni mawingu, na mwaka 2033 Mirihi itapita chini sana kwao. Kwetu itakuwa juu.

Nafasi ya karibu, Dunia itakapopita jirani na Mirihi, ni tarehe 19 Februari 2027. Mirihi haitakuwa kubwa, maana itakuwa umbali wa kilomita milioni 101 hivi, na wako watakaosema heri kungoja 2035, itakapokuwa karibu zaidi. Mimi sikubali. Mkono haujifunzi kwa kungoja. Isitoshe, itakuwa kaskazi, kabla ya masika, na katikati ya Ramadhani: Mirihi itafika juu kabisa kama saa sita na nusu usiku, watu wameshatoka tarawehe na daku bado. Mbalamwezi haitaharibu kitu, kwa sababu Mirihi inang'aa vya kutosha.

Kitakachotusumbua ni unyevu. Umande hutanda kwenye kioo, chumvi ya bahari hula vyuma, na kuvu huota kwenye lenzi iliyofungiwa bila hewa. Zungushia mdomo wa darubini boksi gumu uzuie umande, na asubuhi uiache ikauke kabla ya kuifunika.

Na kila picha iandikiwe saa ya Greenwich. Saa nne usiku ya Tanga ni 19:00 huko. Ukisahau kutoa zile saa 3, alama zote za Mirihi zitahama nyuzi 44 hivi kwenye ramani, na atakayeipokea picha yako atadhani umepiga uso mwingine wa sayari.